Turufu ya Mfukoni

Koti lako la kijivu bado linaning'inia nyuma ya mlango,
bega la kushoto limeshuka kwa uzito wa vitabu,
na mimi, Khavere wa Amugune,
mpiga chapa wako wa miaka kumi na tisa bila mshahara,
leo nimeamua kulipekua.

Nyumba ni ileile, hapa Makasembo.
Paa linavuja palepale,
juu ya sanduku uliloandika kwa kalamu nyekundu
URAIS WA MAREKANI: MAMLAKA NA MIPAKA YAKE.
Nimelihamisha mara mbili. Tone nalo limelifuata.

Nilipiga chapa kurasa zote, Nyagudi.
Ibara ya Pili naijua kama njia ya kwenda Kibuye:
inaanza na sentensi moja fupi kuhusu mamlaka ya utendaji,
na wasomi, ulisema, wanapigana humo
kama kuku juu ya punje moja ya mtama.
Mmoja anadai sentensi hiyo ni ghala,
rais achote atakacho.
Mwingine anadai ni mlango tu,
vilivyomo ghalani vimetajwa mbele kimoja kimoja:
jeshi, msamaha, mikataba.
Wewe ulikuwa mtu wa mlango.
Chai ilipoa mbele yako, wewe ni mtu wa mlango.

Nyar Alego wa nyanya alikuuliza
kama huyo rais wako atatuletea maji ya mfereji.
Ukamjibu kwa upole, kwa dakika arobaini,
nyanya zake zikipigwa jua.
"Ukitaka kumjua mfalme," ulimwambia,
"soma walichoandika waliomkimbia,
usiku ule walipoogopa kumzaa mwingine."
Hakuelewa. Ila jioni alinipa nyanya tatu za bure,
akasema, pole.

Sura ya sita ndiyo niliyoipenda.
Turufu ya mfukoni.
Bunge likimpelekea rais mswada
ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi.
Asipoutia saini wala kuurudisha,
na bunge nalo limeahirishwa, limekwenda zake,
mswada unakufa.
Bila hotuba. Bila sababu.
Bila kura ya kuufufua.
Vidole vyangu vilisimama juu ya mashine.
Nilikutazama ukitafuna penseli,
nikasema moyoni: kumbe jambo hili lina jina.

Maana nami nilileta miswada.
Mswada wa paa.
Mswada wa kwenda kwetu Vihiga kumaliza mahari
mama yangu angali anaona.
Mswada wa Ogalo wetu, aliyetaka kuacha sheria
asomee ufundi wa friji.
Uliipokea yote kwa mikono miwili,
ukasema, tutaona.

Mfuko wa kushoto: kadi ya maktaba ya Maseno, karafuu moja ya jino.
Wa kulia una tundu.
Mfuko wa ndani, niliokushonea kwa uzi wa buluu:
karatasi iliyokunjwa mara nne.
Nilidhani ni tanbihi.

*Mabati ishirini na mawili, geji thelathini. Misumari kilo tatu.
Ng'ombe wawili waliobaki: niulizie bei Luanda.
Ogalo, friji. Kwa nini isiwe?*

Chini yake tarehe,
siku tisa kabla moyo wako haujasimama.
Na mahali pa saini umepiga mstari mtupu.

Siku tisa. Nimeondoa Jumapili, zimebaki nane.
Kwa hiyo mswada ulikuwa hai bado, Nyagudi,
na aliyeahirishwa si bunge.
Hilo hukuliandikia sura.

Mvua ya saa kumi inashuka kutoka upande wa Nandi.
Nalisogeza sanduku mara ya tatu,
naitafuta ile kalamu nyekundu.
Fundi atakuja kesho.
Nimetia saini mimi, Khavere.
Kama ni halali ama si halali,
wasomi na wabishane.